ALIYE JUU AMEPEWA AMANA: Somo la Mieleka ya Chini



Ndugu wanafunzi, katika toleo la mwaka huu tumepewa kurasa chache tujibu maswali mawili ambayo wengi wenu mmekuwa mkituuliza. La kwanza, kwa nini madrasa yetu imeruhusu mieleka siku ya Alhamisi jioni, wakati ambapo hakuna darsa. La pili, kwa nini tunafundisha zaidi kushikana chini kuliko kuangushana. Tutayajibu yote mawili, kisha tutatoa somo lenyewe hatua kwa hatua, ili hata yule asiyehudhuria mazoezi apate faida.

UTANGULIZI: "SIKUJUA KUWA NIMESHASHINDA"

Kila aliyekulia hapa Kintinku anaujua mchezo huu. Mpunga ukishavunwa na majaruba yakikauka, vijana wanaochunga ng'ombe hukutana huko na kubwagana mpaka jua linazama. Hakuna refa, hakuna kanuni, na anayeshangiliwa ni yule aliyembwaga mwenzake kwa kishindo.

Mchezo huo ulihamia uwanjani mwa madrasa bila kuomba kibali. Jioni moja wanafunzi wetu wawili, marafiki wanaosoma pamoja, walishikana kwa utani. Mmoja alianguka chali na mwenzake akamwangukia juu. Mchezo ulipaswa kuishia hapo. Lakini watazamaji walikuwa wakipiga kelele, aliye juu akazidi kukandamiza kwa goti, na aliye chini akawa anasema "basi, basi" bila kusikiwa na mtu. Tulipofika, mfupa wa mtulinga ulikuwa umeshavunjika. Kwa wiki sita mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa shingoni, na masomo yake yote aliandikiwa na wenzake.

Tulipomwita yule mwingine hatukumkuta na jeuri. Tulimkuta analia. Alituambia neno moja ambalo hatujalisahau: "Ustadhi, wallahi sikujua kuwa nimeshashinda."

Baadhi ya wazee walitaka mieleka ipigwe marufuku kabisa, na hoja yao ilikuwa na uzito. Sisi tuliomba tupewe muda, kwa sababu tuliona kuwa marufuku ya madrasa haifiki kwenye majaruba. Kijana aliyekatazwa hapa atabwagana kule, na kule hakuna wa kumwambia kuwa ameshashinda. Hivyo basi, tukakubaliana kufundisha. Na jambo la kwanza kulifundisha likawa ni hilo hilo: kujua ni wakati gani umemtawala mwenzako, na ufanye nini ukishamtawala.

MIELEKA KATIKA MAFUNDISHO YETU

Wapo wanaodhani kuwa mieleka ni mambo ya televisheni tu. Sivyo. Katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi imepokewa habari ya Rukana, mtu aliyejulikana kwa nguvu zake, kwamba alishindana mieleka na Mtume (S.A.W.) na akaangushwa. Tunawakumbusha wanafunzi wa Hadithi kuwa Tirmidhi mwenyewe ameeleza kwamba isnadi ya habari hii si imara. Tunaitaja ili mjue kuwa mchezo wenyewe haukuwa mgeni kwa Waarabu wa zama zile.

Aidha, wapokezi wa sira wanasimulia kuwa kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, vijana wadogo walirudishwa nyumbani. Rafi' bin Khadij akaruhusiwa kubaki kwa kuwa alikuwa hodari wa kulenga mishale. Kijana mwenzake, Samura bin Jundub, akalalamika kuwa yeye humbwaga Rafi' wakishindana. Wakashindanishwa, Samura akashinda, naye akaruhusiwa.

Lakini msingi wa somo letu ni Hadithi ya tatu, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Maana yake ni kwamba mwenye nguvu hapimwi kwa kuwabwaga watu, bali kwa kuimiliki nafsi yake anapokasirika. Wengi huifahamu Hadithi hii kama kwamba inaidharau mieleka. Sisi tunaona inampa mwanamieleka kazi ya ziada. Akishammiliki mwenzake, bado amebakiwa na mpinzani wa pili, naye ni yeye mwenyewe.

KUTAWALA NI NINI?

Ewe mwanafunzi, shika tafsiri hii: kumtawala mtu chini ni kuwa mahali ambapo wewe unaweza kuondoka unapotaka, na yeye hawezi. Haitoshi kuwa juu. Ukiwa juu lakini mwenzako amekubana kiuno kwa miguu yake, hujamtawala. Unaweza kugeuzwa wakati wowote. Na haitoshi kumuumiza. Mtu anaweza kumuumiza mwenzake akiwa mahali pabaya kabisa, na dakika inayofuata yeye ndiye yuko chini.

Sasa, mtu aliyelala chali anahitaji nini ili ainuke? Jaribu mwenyewe nyumbani polepole. Utaona kwamba kwanza unainua kichwa, kisha unageuka ubavu, kisha unaegemea kiwiko na kuingiza goti chini yako. Kwa hiyo anayetaka kumzuia mwenzake asiinuke anazuia mambo matatu: kichwa, mabega na nyonga. Wachungaji mnalijua hili. Ng'ombe hashikwi mkia, hushikwa pembe, kwani kichwa kinakokwenda ndiko mwili unakofuata.

Jambo la pili ni uzito. Gunia la mpunga halina mikono wala hasira, lakini likikulalia huinuki, kwa sababu uzito wake wote umelala juu yako. Kigoda kikikalishwa juu yako utakisukuma, kwa kuwa kimesimama kwa miguu yake. Mgeni wa mieleka hufanya kosa hili: anakuwa juu, lakini uzito wake uko kwenye mikono na magoti yake mwenyewe, kisha anaanza kukamua kwa nguvu za mikono mpaka anachoka. Kanuni yetu ni fupi: UWE GUNIA, USIWE KIGODA.

Michezo ya dunia nayo imeupima utawala huu kwa namna mbalimbali. Katika mieleka ya Olimpiki, mabega yote mawili ya mpinzani yakishikiliwa chini na waamuzi wakathibitisha, pambano limekwisha. Katika judo, tangu mwaka 2013, kumshikilia mpinzani chali kwa sekunde 20 ni ushindi kamili. Kabla ya hapo zilikuwa sekunde 25, na zamani zaidi sekunde 30. Katika jujitsu ya Brazil, kumwangusha mtu ni pointi 2, kuvuka miguu yake ni pointi 3, na kumpanda juu au kumshika mgongoni ni pointi 4, kwa sharti kwamba utulie hapo kwa sekunde 3. Angalieni vizuri: kumbwaga mtu, jambo ambalo kule majarubani ndilo linaloshangiliwa, ndiyo pointi ndogo. Kilicho kikubwa ni kutulia.

MWALIMU ALIYEPUNGUZA ILI AONGEZE

Judo ilianzishwa mwaka 1882 mjini Tokyo na Kano Jigoro, ambaye kazi yake ilikuwa ualimu. Alianza na wanafunzi wachache katika chumba cha mikeka 12 tu ndani ya hekalu la Eishoji. Kano alikuwa amejifunza mapigano ya zamani ya Kijapani, ambayo yalikuwa na mbinu nyingi za hatari. Akaziondoa mbinu hizo katika mazoezi ya kushindana. Mtu angeweza kudhani kuwa alikuwa anaudhoofisha mchezo, lakini matokeo yalikuwa kinyume. Kwa kuwa mbinu za hatari hazikuwepo, wanafunzi wake waliweza kushindana kwa nguvu zao zote kila siku, na kesho yake wakarudi wakiwa wazima. Anayeumia hujifunza siku moja, na mzima hujifunza mwaka mzima.

Mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na baadaye akamfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie katika mji wa Belém. Kutoka kwa familia hiyo ndiko ilikotoka jujitsu ya Brazil, ambayo imezama zaidi katika kushikana chini. Mengi ya tunayowafundisha yametoka katika njia hizo mbili.

MASHARTI KABLA YA KUSHIKANA

1. Mahali. Hatufanyii kwenye ardhi ngumu. Tumeshona magunia ya sandarusi, tukayajaza pumba za mpunga, tukayapanga na kutandika turubai juu yake. Pumba hapa kwetu si haba, na godoro hilo halikutugharimu ila uzi na turubai.

2. Mavazi. Suruali ndefu na fulana nzito. Hakuna kanzu, mkanda wenye kifungo cha chuma, saa wala kalamu mfukoni. Kucha zikatwe. Wanafunzi wa kike wana zamu yao mahali pa faragha, na mwalimu wao wa kike.

3. Ulinganifu. Mdogo ashikane na mdogo, mzito na mzito.

4. Yaliyokatazwa: kukaba koo, kubana shingo, kukunja vidole au viungo, kupiga, na kugusa uso. Kuhusu uso, mnajua kuwa umekatazwa kupigwa hata katika ugomvi wa kweli, kwa Hadithi iliyo sahihi.

5. Kugonga. Mkono ukigonga mara mbili popote, juu ya turubai au juu ya mwili, achia papo hapo. Usiulize "umeshindwa?" Achia kwanza. Na asiyeweza kugonga aseme "basi".

6. Hasira. Mwenye kinyongo na mwenzake hashikani naye siku hiyo. Hasira hasara.

7. Watazamaji wakae kimya. Sharti hili tulilinunua kwa bei kubwa. Siku ile ya ajali, neno "basi" lilisemwa, lakini kelele zilikuwa kubwa kuliko neno hilo.

Tunafungua na kufunga kwa salamu na kupeana mikono. Hatuinamiani.

SOMO LENYEWE: NAFASI NNE

Tunaanza sote tukiwa tumepiga magoti au tumekaa, ili kusiwe na kuanguka kwa kishindo. Nafasi hizi zina mpangilio kama ngazi. Usiruke daraja.

Nafasi ya kwanza: Kuvuka miguu. Mwenzako amelala chali, miguu yake iko kati yako na yeye. Miguu hiyo ndiyo boma lake.
(a) Nyoosha mgongo, viwiko viwe karibu na mbavu. Ukiinama atakuvuta.
(b) Shika suruali yake kwenye magoti yote mawili.
(c) Sukuma magoti hayo kuelekea upande mmoja, na wewe piga hatua kuelekea upande wa pili.
(d) Usisimame kutazama. Teremsha kifua chako juu ya kifua chake mara moja, kabla boma halijafungwa tena.

Nafasi ya pili: Ubavuni. Hii ndiyo nafasi mama, nasi tumeifanyia mazoezi miezi miwili kabla ya kwenda mbele. Ina namna mbili.
Namna ya kwanza ni kukingama, kama mti ulioangukia njiani. Kifua chako juu ya kifua chake, miili ikikatana. Mkono mmoja upite chini ya kichwa chake, wa pili uzuie nyonga yake ya upande wa mbali. Magoti yako yaguse mbavu zake ili asiingize goti lake kati. Nyonga zako ziwe chini. Hapa ndipo penye gunia na kigoda.
Namna ya pili ni kukaa ubavuni. Unakaa kando ya mbavu zake, umemwelekea kichwani, umeubana mkono wake kwapani mwako, na mkono wako mwingine umemzunguka. Miguu yako imetanuka kama ya mtu anayekimbia, ili usigeuzwe. Wajapani huita kesa-gatame, kwa kuufananisha na vazi la watawa wao linaloanzia begani na kushukia ubavu wa pili. Kwa wanafunzi wetu wadogo, mkono usizunguke shingo. Upite chini ya kwapa lake. Mshiko unabaki imara na shingo inabaki salama.

Nafasi ya tatu: Kumpanda. Kutoka ubavuni, telezesha goti lako juu ya tumbo lake mpaka liguse turubai upande wa pili. Usirushe mguu juu kama apandaye baiskeli, kwani ataudaka. Ukishapanda, magoti yabane mbavu, nyonga zikae chini, na mikono iwe tayari kutanuka. Aliyewahi kupanda punda mkaidi anafahamu: punda akirusha, mpandaji hashindani naye kwa nguvu, bali huinama, hutanua mizani yake, na hungoja. Akitulia, nawe unatulia.

Nafasi ya nne: Mgongoni. Mara nyingi aliye chini, akitaka kukukimbia, hugeuka kifudifudi au hupiga magoti. Hapo amekupa mgongo. Bandika kifua chako mgongoni kwake. Mkono mmoja upite juu ya bega lake, wa pili chini ya kwapa la upande mwingine, vikutane kifuani mwake kama mkanda wa usalama wa gari. Mkono wa juu ubaki kifuani, usipande kooni. Visigino viwe ndani ya mapaja yake, wala usikutanishe miguu yako, kwa sababu anaweza kukuumiza vifundo.

Katika kila nafasi, ukishatulia, hesabu kwa sauti kutoka moja mpaka ishirini. Mkifika ishirini, kushikana kumekwisha. Achia, mpe mkono, muanze upya. Tuliichukua hesabu hiyo kutoka kanuni ya judo, na ina faida mbili. Aliye juu analazimika kupumua, na mwenye kupumua hupunguza hasira. Na yeye mwenyewe anasikia, kwa sauti yake, kuwa ameshashinda.

ALIYE CHINI AFANYE NINI?

Msidhani kuwa somo hili ni la aliye juu peke yake. Kila mmoja atakuwa chini siku moja, na mwenye subira chini hujifunza zaidi.

1. Tulia na upumue. Anayefurukuta ovyo anamaliza pumzi zake, kisha anashikwa vizuri zaidi.
2. Usilale chali kama mkeka. Geuka ubavu, viwiko vikiwa karibu na mbavu.
3. Daraja. Ikiwa amekupanda, shika mkono wake mmoja na ubane mguu wake wa upande huo huo kwa mguu wako. Sasa inua nyonga zako juu kwa nguvu na ugeukie upande huo. Amekosa mkono na mguu wa kujizuia, kwa hiyo ataanguka upande huo. Hata kigoda ukikikata miguu miwili ya upande mmoja hakisimami.
4. Goti ndani. Ikiwa yuko ubavuni, sukuma nyonga yake, sogeza nyonga zako mbali naye, na uingize goti katika nafasi iliyopatikana. Boma limerudi.
5. Ukiona umezidiwa au unaumia, gonga. Kugonga si aibu. Ni kusema: nimeona nilipokosea, tuanze tena.

KISA CHA TOKYO

Tarehe 23 Oktoba 1964, katika ukumbi wa Nippon Budokan mjini Tokyo, ilichezwa fainali ya judo ya Olimpiki kwa wachezaji wa uzito wowote. Ulikuwa ni mwaka wa kwanza wa judo katika Olimpiki, na Wajapani walikuwa nyumbani kwao, katika mchezo wao wenyewe. Mchezaji wao alikuwa Akio Kaminaga. Aliyekabiliana naye alikuwa Mholanzi, Anton Geesink, mtu mwenye kimo cha karibu mita 2.

Walishindana kwa zaidi ya dakika 9. Mwishowe walikwenda chini, na Geesink akamshika Kaminaga kwa mshiko ule ule wa kukaa ubavuni tulioueleza hapo juu. Kaminaga alijitahidi kujinasua, lakini muda ukaisha. Ukumbi mzima ulinyamaza. Washabiki wa Kiholanzi wakataka kukimbilia mkekani kumkumbatia mtu wao. Geesink akainua mkono na kuwazuia wasikanyage mkeka, mpaka amalize kumpa mpinzani wake heshima yake.

Ndugu wanafunzi, kisa hiki tunawasimulia si kwa sababu ya nguvu za Geesink. Wenye nguvu ni wengi. Tunakisimulia kwa sababu ya ule mkono ulioinuliwa. Wakati ambapo mtu mwingine angepiga kelele, yeye alijua mambo mawili: kwamba ameshashinda, na kwamba aliye chini bado ni mtu. Wajapani waliumia kwa kushindwa, lakini walimheshimu maisha yake yote.

KARIBU NASI

Msije mkadhani kuwa haya ni ya mbali. Zanzibar wanafundishwa judo tangu miaka ya 1990, kazi iliyoanzishwa na Mjapani aliyehamia huko, Tsuyoshi Shimaoka. Mwaka 2024, katika Olimpiki ya Paris, Mtanzania Andrew Thomas Mlugu alishindana katika judo, kundi la kilo 73. Jirani zetu Waganda nao wana mieleka yao ya asili waiitayo ekigwo. Kwa hiyo kijana wa Kintinku anayejifunza kushikana kwa adabu hajaiga mambo ya watu. Ameingia katika jambo ambalo ndugu zake wa Afrika Mashariki wamo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza maana ya kumtawala mtu chini. Kwa nini kuwa juu peke yake hakutoshi?
2. Taja mambo matatu ya mwili ambayo aliye juu huyazuia.
3. Kuna tofauti gani kati ya gunia na kigoda? Toa mfano kutoka nafasi ya pili.
4. Kwa nini Kano Jigoro aliondoa mbinu za hatari katika mazoezi, na alipata faida gani?
5. Mwenzako amekupanda na ameweka mkono wake wa kulia karibu na kichwa chako. Utafanya daraja kuelekea upande gani, na utabana mguu upi?
6. Watazamaji wana wajibu gani? Jadilini darasani.

HITIMISHO

Tulianza na marafiki wawili, na tunamaliza nao. Mfupa ule uliunga, alhamdulillah. Yule aliyevunja alikaa mbali na mazoezi kwa muda mrefu. Aliogopa mikono yake mwenyewe. Aliyemrudisha hakuwa mwalimu, bali ni yule yule aliyevunjika. Alikuja naye Alhamisi moja amemshika mkono, akatuambia: "Ustadhi, leo nataka nishikane na huyu." Tulisita, kisha tukawaruhusu.

Waliokuwepo wanakumbuka. Yule kijana alimvuka mwenzake miguu, akakingama ubavuni, akatulia kama gunia, akaanza kuhesabu. Alipofika ishirini, sauti yake ilikuwa inatetemeka, akaachia kabla hatujasema kitu. Hakuna aliyeshangilia, maana sharti la saba linakataza. Lakini tuliona mwenzake, akiwa bado amelala chali, anamnyooshea mkono amwinue.

Basi, ewe mwanafunzi, ukijikuta juu ya mwenzako, kwenye turubai letu au kwenye majaruba au katika jambo lolote la maisha, kumbuka kuwa yule aliye chini yako ni amana. Shingo yake, mkono wake wa kuandikia na heshima yake, vyote umeshikishwa wewe. Mwenye kupewa amana huirudisha ikiwa nzima.

Wabillahi tawfiq.